Mbwa Aliyelala Miguuni pa Delfina

Lifti ya umma ya kupandia mtaa wa juu wa Castelletto ilikuwa imejaa hadi mlangoni, watu wamebanana kama dagaa kwenye kopo, na Delfina Parodi ndiye aliyekuwa ameingia wa mwisho. Alivaa gauni la kitani la rangi ya ndimu lililopigwa pasi vizuri, na mkononi ananing'iniza mfuko wa karatasi wenye fokacha ya moto, mkate bapa wa mafuta, kutoka kwa shangazi yake. Mlango ulipojifunga, akahisi kitu kizito na chenye joto kimekaa juu ya mguu wake wa kushoto.

"Samahani, dada," ikasema sauti ya mwanaume nyuma ya kofia ya bibi mmoja mnene. "Umekaliwa?"

"Nimekaliwa na nini? Mbona sioni chini?"

"Na mbwa. Anaitwa Briciola. Ni jike, hana makuu, ila akichoka hukaa juu ya chochote kilicho laini."

"Kwa hiyo mguu wangu ni laini?"

"Sijasema mimi. Kasema mbwa."

Watu wakacheka, hata bibi mwenye kofia. Lifti ilipofika juu watu wakamwagika nje, Delfina akabaki amesimama kama mlingoti, kwa sababu kamba ya mbwa ilikuwa imemzunguka miguu mara mbili. Ndipo mwenye sauti akajitokeza, akapiga magoti kumfungua. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, shati la jinzi lililopauka, na nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi.

"Wewe ni mwoka mikate?" Delfina akamuuliza.

"Mchonga mawe. Unga wangu hauliwi." Akainua uso. "Afadhali ungekuwa unaliwa, maana wa kwako umeshaliwa."

Delfina akatazama mfuko wake. Ulikuwa umetoboka chini, na Briciola alikuwa akilamba midomo kwa heshima zote, kama mtu aliyealikwa.

"Fokacha yangu!"

"Nitakununulia nyingine. Niambie tu duka."

"La shangazi yangu Ersilia, kichochoro cha Santa Oliva. Lakini ukienda huko usiseme ni mbwa aliyekula. Atakufukuza na mti wa kusukumia mkate."

"Kichochoro cha Santa Oliva?" Yule mwanaume akacheka mpaka vumbi likadondoka kwenye nyusi. "Basi shangazi yako keshanifukuza tayari. Nimekodi karakana mkabala na duka lake juzi, na jana kanilalamikia kelele za nyundo. Jina langu Ivano Menconi. Natoka Carrara."

Ndivyo walivyojuana, mwezi wa tatu, upepo ukiwa bado na meno.

Kazi ya Delfina ilikuwa kukaa. Miaka sita alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao ndani ya kanisa la Santa Oliva, kando ya kaburi la Bi Argenta, akihakikisha watu hawapandi juu yake kupiga picha. Shule aliiacha mapema, na alichokijua kuhusu sanamu alikipata kwa masikio: waongozaji wa watalii walipita mbele yake kumi kwa siku, naye akawasikiliza wote, akanyamaza, akaweka moyoni. Huyo ndiye aliyekuwa Delfina. Alikuwa mtu wa kutazama sana na kuuliza kidogo. Mwenyewe aliona ni hekima.

Wiki moja baadaye Ivano aliingia kanisani, kofia mkononi, mbwa kamfunga nje.

"Nionyeshe huyo bibi yako anayesifiwa."

Delfina akasimama, akamwonyesha. Bi Argenta alilala chali juu ya jeneza la marumaru, mikono kifuani, nguo yake imekunjamana kwa upole miguuni. Na hapo miguuni alikaa mbwa mdogo wa mawe, shingo juu, macho kayakodoa kuelekea mlangoni. Pua yake ilikuwa imeng'aa kwa kushikwashikwa.

"Wanaharusi huja kumshika pua kabla ya ndoa," akasema Delfina. "Mume wa huyu bibi alikuwa nahodha, alikaa baharini miaka, mkewe akafa akimngoja. Basi mbwa kawekwa macho, ili kila anayeingia ajue nyumba haikuingiliwa. Huyo ni uaminifu."

"Na mbwa akilala?"

"Akilala, basi uaminifu nao umelala. Mwanamke wa mbwa aliyelala ni mlango usio na komeo. Waongozaji wote husema hivyo."

Ivano akafungua kinywa kusema neno, lakini Wajerumani arobaini wakaingia na mwavuli wao wa kuongozea, na neno likapotea. Akamnong'oneza tu: "Saa kumi na mbili utakuwa umetoka? Nina deni la fokacha."

Mapenzi yao hayakuchelewa. Aprili walikuwa wakila pamoja kwenye ngazi za bandarini, Mei walikuwa wamekwisha gombana kuhusu chumvi na kupatana. Simu ya Delfina ililia kila asubuhi kabla kengele ya kanisa haijalia.

"Umeamka, malkia wa makaburi?"

"Nimeamka, mfalme wa vumbi. Umekula?"

"Nimekula vumbi. Roho yangu, leo nimeota umenipikia tambi na basili."

"Endelea kuota, kipenzi. Mimi mchana nakula kwa shangazi."

"Na mimi je?"

"Wewe una mbwa. Kale naye."

Mchana, kanisa likifungwa, Delfina alivuka kichochoro akaingia karakanani. Ivano alikuwa na kazi ya kutengeneza nguzo za ngazi za jumba moja la zamani, kumi na nane, zote zimeliwa na chumvi ya bahari. Delfina alijinyoosha juu ya benchi refu lililotandikwa magunia, viatu vya kamba miguuni, na mlio wa patasi ukambembeleza hadi usingizini. Siku moja alipoamka akamkuta Ivano ameacha nguzo, anamchora kwenye karatasi ya kufungia saruji.

"Unafanya nini?"

"Nyamaza, usisogee. Mbwa naye usimsogeze."

Briciola alikuwa kajilaza juu ya viatu vyake, macho yamemtoka kwa furaha, anatafuna kamba ya kiatu cha kulia. Delfina alikumbuka hilo vizuri, kwa sababu kiatu chenyewe ilibidi akitupe.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Delfina hakumwambia Ivano. Miaka mitatu nyuma alikuwa mchumba wa Ottavio Canepa, fundi wa saa, mtu mwema asiye na kelele. Majuma mawili kabla ya harusi, gauni limeshonwa, Delfina alivunja uchumba. Hakumwambia mtu sababu. Kichochoro kikamtafutia sababu, na kwa kuwa penye wengi pana mengi, zilipatikana nyingi: ana mwingine, alikuwa na mwingine, atakuwa na mwingine. Tangu siku hiyo wanawake wakimpisha mlangoni walimpisha kwa tabasamu la upande mmoja. Alipompata Ivano, mtu wa kuja, asiyejua lolote, Delfina alijiambia: huyu ataniona nilivyo. Nitamwambia, lakini si leo. Na leo ikawa inajirudia kila kukicha.

Katikati ya Juni Ottavio mwenyewe akaja kanisani. Alikuwa anaoa. Mchumba wake alitaka kumshika pua mbwa wa Bi Argenta, naye akaona aibu kumleta bila kumwomba ruhusa Delfina kwanza.

"Mlete, Ottavio. Nitawafungulia mapema, kabla ya watalii."

"Huna kinyongo?"

"Mimi ndiye wa kukuuliza hivyo."

Ottavio akamshika mikono yote miwili, wakasimama hivyo kwenye ngazi za kanisa, macho yote mawili ya Ottavio yamejaa machozi ya shukrani. Na ndipo Ivano akapita na toroli lake. Akawaangalia. Akasema, "Hamjambo," akaendelea kusukuma.

Jioni yake hakuuliza. Delfina naye hakusema. Walikula samaki, wakasifu samaki.

Siku ya San Giovanni, ambaye ndiye mtakatifu msimamizi wa mji, Santa Oliva wana desturi yao: kila fundi wa kichochoro huweka dirishani kazi yake bora, na watu wakitoka kwenye maandamano hupita dirisha kwa dirisha, wakisifu na kukosoa. Delfina alikuwa amevaa gauni jekundu na hereni za marehemu mama yake. Alitoka kanisani akakuta watu wamejazana mbele ya karakana ya Ivano, na walipomwona wakampisha. Wakampisha kwa tabasamu lile.

Dirishani, juu ya kitambaa cha buluu, kulikuwa na sanamu ya marumaru yenye ukubwa wa mkate. Alikuwa ni yeye. Benchi lake, magunia yake, mkono chini ya shavu, hata kovu dogo la kidevu. Ilikuwa nzuri mpaka mtu akatamani kuifunika shuka. Na miguuni pake, amejikunja kama kitumbua, pua ndani ya mkia, macho yamefumba kabisa, alikuwa Briciola.

Shangazi Ersilia alikuwa amesimama pale na unga hadi viwikoni. Akamshika mpwa wake mkono, na kwa kuwa hajawahi kujua kunong'ona maishani mwake, kichochoro kizima kikasikia:

"Mbwa kalala! Delfina, mwanangu, huyu mtu kakuambia nini mbele za watu?"

"Labda mbwa alikuwa kalala kweli," mtu mmoja akasema kwa huruma.

Lakini Delfina alijua. Mbwa hakuwa kalala. Mbwa alikuwa macho, anatafuna kiatu. Ivano alimfumba macho kwa makusudi, kwa patasi, polepole, baada ya kusikia kutoka kwa mdomo wa Delfina mwenyewe mbwa aliyelala ana maana gani. Na alimfumba katika juma lile lile alilomwona ameshikwa mikono na Ottavio.

Ivano akatoka ndani, amechana nywele, shati jeupe, uso umechangamka. "Umeiona, roho yangu? Sema basi!"

Delfina akamtazama. Maneno yote yalimjaa, na kama kawaida yake akayameza yote. Akageuka, akapanda kichochoro, kisigino kimoja baada ya kingine, na hakugeuka nyuma.

Simu ikalia usiku ule, ikalia kesho yake. Siku ya tatu akapokea, kwa bahati mbaya tu, akidhani ni padri.

"Delfina! Nimekukosea nini?"

"Mtu haulizi alichokiandika mwenyewe."

"Nimeandika nini? Ni yule mwanaume wa kwenye ngazi, siyo? Sema tu. Nitaelewa."

"Kumbe ndiyo maana! Basi umejijibu." Akakata.

Siku ya tano dirisha la karakana lilikuwa tupu. Siku ya sita mlango ulikuwa na kufuli. Shangazi Ersilia alileta supu kanisani, akaketi, akapumua kama mvukuto.

"Kaenda kwao. Kabeba sanamu kaifunga kwenye gunia kama maiti. Nguzo tatu bado hajazimaliza. Mimi sikusema aondoke, jamani."

"Hukusema, shangazi. Ulipaza sauti tu."

"Nilikuonea uchungu!"

"Najua."

Siku kumi zilipita. Delfina alikaa kwenye kiti chake akimtazama mbwa wa Bi Argenta, na yule mbwa akitazama mlango. Delfina akakonda. Wanaharusi walikuja, wakashika pua, wakacheka, wakaenda. Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, simu ya mezani ya sakristia, chumba cha padri, ikalia, Delfina akapokea.

"Hapo ni Santa Oliva?" Ilikuwa sauti ya mzee, nzito, ya kukwaruza.

"Ndiyo."

"Namtaka Delfina."

"Ndiye mimi."

Yule mzee akauliza: "Uko hai?"

"Ati nini?"

"Nakuuliza, binti. Uko hai? Mzima kabisa?"

"Mzee, kaburi tunalo, lakini anayeongea nawe ni mzima."

"Afadhali. Mimi ni Amedeo, baba yake Ivano. Kijana wangu karudi na sanamu yako kaifunika gunia, hali chakula wala hasemi. Katika nyumba yetu sanamu ya mtu hufunikwa akifa. Nikasema, nimpigie simu marehemu, nione nani atapokea."

Delfina akacheka bila kutaka, na kicheko kikageuka kilio katikati. Mzee akangoja. Alikuwa mtu aliyezoea kungoja mawe.

"Sanamu ilikuwa mbaya?" akauliza mwishowe.

"Nzuri. Lakini kanichonga na mbwa kalala."

"Nimemwona. Makucha kayapatia sana. Sasa?"

"Sasa? Mbwa kalala, mzee! Mtaa mzima umemwona!"

"Ulitaka awe macho?"

"Kila mwanamke mwaminifu mbwa wake yuko macho."

"Kila mwanamke *maiti*," akasema mzee Amedeo. "Binti, nimechonga makaburi miaka hamsini na miwili. Mbwa wa macho nimechonga wengi kuliko nywele nilizobakiwa nazo, na hakuna hata mmoja aliyekaa miguuni pa mtu anayepumua. Mbwa hukesha kwa sababu bwana wake haamki tena. Mtu aliye hai akilala, mbwa wake naye hulala, wataamka pamoja asubuhi. Ndivyo alivyonifunza baba yangu, ndivyo nilivyomfunza Ivano. Kumchonga aliye hai na mbwa wa macho ni kumchuria. Ulitaka mwanangu akuwekee mbwa wa macho, halafu akuchimbie na shimo?"

Delfina akakaa chini, juu ya sanduku la mishumaa. Aliona mikono ya Ivano ikimfumba macho Briciola kwa patasi ndogo, polepole, na safari hii aliiona mikono hiyo kwa namna nyingine kabisa. Ivano hakuwa akimshitaki. Alikuwa akimwombea uhai.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Ulimuuliza?"

Kule upande wa pili mzee akakohoa.

"Kesho Jumamosi. Treni ziko nyingi. Njoo ule mkate."

Delfina alishuka Carrara saa tano, amevaa lile gauni la rangi ya ndimu, njia nzima amekaa wima kama anayekwenda kutoa ushahidi. Milima ilikuwa nyeupe kwa machimbo, na kila kitu mjini, hadi majani ya mitini, kilikuwa na vumbi. Mzee Amedeo alimpokea mlangoni mwa karakana, mfupi, aproni ya turubai, akamtazama juu hadi chini.

"Unapumua," akasema, akaridhika.

Ndani kulikuwa na rafu hadi darini, na juu ya rafu vielelezo vya plasta vya kila kaburi ambalo ukoo ule uliwahi kuchonga. Wazee, wanawake, askari mmoja kijana, wote chali, wote mikono kifuani. Na miguuni pao mbwa, mmoja baada ya mwingine, shingo juu, macho wazi, wakitazama mlango ambao bwana zao hawatautoka tena. Delfina alitembea mbele yao. Miaka sita alikuwa amemwona mmoja, akamdhania kwamba anajivuna. Sasa aliwaona wengi pamoja, akaona kwamba walikuwa na huzuni.

"Mwenye kujua habari zote yuko uani," mzee akasema. "Mimi nakata mkate."

Ivano alikuwa akiosha patasi kwenye beseni. Ndevu zilikuwa zimemwota. Briciola alimrukia Delfina kabla Ivano hajainua kichwa.

"Umefuata nini?" akauliza, taratibu. "Kama ni habari ya mbwa, nasikia baba keshakupa somo. Asubuhi yote anajisifu."

"Kwa nini ulimchonga hivyo, ukijua kwetu inasemwaje? Mimi mwenyewe nilikuambia."

"Uliniambia maneno ya waongozaji. Sisi kwenye mawe tunayacheka maneno ya waongozaji, Delfina. Nilidhani na wewe unayacheka moyoni. Hukuonyesha." Akaweka patasi. "Hilo ni kosa langu. Ningeuliza."

"Sikuja kwa ajili ya mbwa. Nimekuja kukuambia habari za Ottavio."

Akamweleza yote, amesimama pale pale juani. Uchumba, gauni, majuma mawili, maneno ya watu.

"Na sababu?" Ivano akauliza.

Delfina hakuwahi kuisema mbele ya mtu. "Alikuwa mwema. Hakunikosea kitu. Ila kila nilipokaa naye nilijisikia nimelala chali, mikono kifuani, na watu wanapita wananisifu. Nikaogopa nitaishi hivyo hadi mwisho. Siku ile ya ngazini alikuja kuniambia anaoa. Basi. Hakuna zaidi."

Ivano akajifuta mikono kwenye suruali.

"Habari za uchumba nilizijua siku ya tatu tangu nifike," akasema. "Shangazi yako alinipimia mkate na habari pamoja. Sikuwa na shida nazo. Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Kila jioni nikasema, leo ataniambia. Na ile siku ulipokaa kimya juu ya samaki, nikasema, basi, haniamini."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Wewe kwa nini hukuniuliza habari za mbwa?"

Wakatazamana. Delfina ndiye aliyeanza kucheka, kisha Ivano, kisha wakawa wanacheka wameshikana, vumbi jeupe la shati lake likihamia kwenye gauni la kitani, na Briciola akiwabwekea kwa wivu.

"Nilitaka kukuposa jioni ile," Ivano akamwambia sikioni. "Nilikuwa nimevaa mpaka soksi za jozi moja."

"Maskini wa Mungu. Soksi zote mbili?"

"Zote mbili. Delfina, nikupose sasa? Sina soksi hata moja."

"Sasa hivi sikujibu."

Uso wa Ivano ukashuka. Delfina akamshika kidevu.

"Nilikunyamazia mbele ya kichochoro kizima. Jibu lako haliwezi kutolewa uani kwa siri kama mchuzi wa wizi. Leta hiyo sanamu."

Walikula kwanza. Mzee Amedeo hakuruhusu mtu aondoke kabla ya kula mkate wake na vipande vyembamba vya mafuta ya nguruwe yaliyokolezwa ndani ya sanduku la marumaru, na wakati Delfina anakula alimtazama kila tonge linavyoshuka, kama anayekagua kazi. Kisha wakapanda treni. Sanamu ilisafiri mapajani mwa Delfina, imefungwa kwenye taulo, na yeye hakukubali kupokewa hata kwenye ngazi za stesheni.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni walipoingia kichochoro cha Santa Oliva, saa ambayo mkate wa pili hutoka na wanawake wote wako mlangoni kwa Ersilia. Minong'ono ikakatika. Delfina hakuharakisha. Alimngoja Ivano afungue kufuli, akatandika kile kitambaa cha buluu, akaiweka sanamu dirishani kwa mikono yake, akaigeuza kidogo ili jua limpate mbwa usoni. Kisha akatoka nje, akasimama mbele ya dirisha, mikono kiunoni, gauni limejaa alama nyeupe za vidole vya mtu.

Shangazi Ersilia akaja, mti wa mkate bado mkononi. Akaitazama sanamu. Akamtazama mpwa wake. Akamtazama Ivano, aliyesimama kizingitini hajui aweke wapi mikono.

"Delfina," akasema, kwa sauti yake ile ya kusikika bandarini, "mbona mbwa bado kalala?"

"Kalala, shangazi. Na mimi nimelala, unaniona. Sote tunapumua. Tutaamka Septemba, niolewe na huyu hapa. Kwa hiyo nakuomba mpaka wakati huo upunguze sauti."

Mtu mmoja akapiga kofi moja, akaona yuko peke yake, akaacha, kisha wote wakaanza. Shangazi Ersilia alifuta macho kwa mkono wa unga, akawa mweupe kuliko mchonga mawe.

Ivano akakaa kwenye kizingiti.

"Septemba hii?" akauliza.

"Kwani wewe unayo nyingine?"